Chupa Sita Ambazo Vita Haikuzitikisa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Tambwe tunawasomea maisha ya mama yetu, Mwalimu Germaine Sumaili, aliyezaliwa Lokandu tarehe 14 Machi 1970, akasoma msingi hukohuko, sekondari hapa Kindu, na kemia Kisangani hadi mwaka 1994, akaolewa na baba yetu, Florentin, fundi wa redio, tarehe 5 Agosti 1995, wakatuzaa Claire na Gédéon.

Alifundisha sekondari mtaani Kasuku, hapa Kindu, huku akiandika tasnifu ya udaktari juu ya unga mweupe uliotiwa metali ya europiamu kidogo, ambao ukimulikwa kwa taa ya kukagulia noti huwaka mwekundu, naye alitaka kujua kama chembe ikipungua ukubwa mwanga nao hubadilika.

Oktoba 1998 vita ilipofika, unga ulikuwa ndani ya chupa sita za maji chini ya kitanda, chembe kubwa zimeshatua, ndogo zikihitaji miezi bila kutikiswa ili nazo zitue, kwa hiyo alitukabidhi kwa shangazi Francine aliyekuwa akikimbilia Kailo, na aliyemwita kichaa mwenye diploma, mama akabaki na baba kuzilinda chupa.

Ofisa mmoja wa waasi walioshika mji alikuja kuzitwaa chupa, mama akadai karatasi yenye muhuri, na kwa kuwa fomu haikuwa na mstari wa unga unaowaka, siku ya tatu ofisa alirudi na kibali cha kutwaa chupa sita za pombe, mama akakipokea kwa heshima zote, akamnusisha chupa moja baada ya nyingine, akamwomba akatafute hizo za pombe kwingine.

Baada ya miezi kumi na moja alipima kwa kipimamwanga cha mpiga picha, akaandika kwamba, kwa uzito uleule, chembe kubwa zilitoa mwanga wa mia, na ndogo kabisa wa ishirini na tatu tu, kwa sababu chembe ndogo karibu yote ni ngozi, yaani uso wa nje, na mwanga hupotelea kwenye ngozi.

Mwaka 2004 watahini wa chuo kikuu, waliotarajia chembe ndogo ziwake kuliko kubwa, walimshauri, kwa upole mkubwa, aandike kwamba ndogo zilitoa mia na ishirini na tatu ili apewe udaktari, akakataa, mwaka 2009 akakataa tena, na mwaka 2016 alikataa kabla hawajamaliza kuuliza.

Aliugua figo Septemba 2023, akafariki tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, na jana imefika barua kwamba watahini wamepima upya, wamepata ishirini na nne, na wanamwomba afike mwenyewe kuchukua udaktari wake, na picha mbili za pasipoti.

Familia imejibu kwamba hawezi kufika, na kwamba ni ishirini na tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi kilioni, na walimu wenzake waliobeba masomo yake.

Mama, chupa zako ziko palepale ulipoziacha. Pumzika kwa amani, na mtu asikutikise.