Spana Nyuma ya Mabati

Ukitoka Kitui mjini kuelekea Matinyani, nje kidogo ya mji, kuna kibanda cha kahawa cha mzee anayeitwa Shee. Babu yake alikuja kutoka Pwani na biashara ya nguo, ukoo ukabaki, na Shee anaongea Kikamba kama mtu yeyote wa hapa, ila akikasirika au akiogopa Kiswahili cha kwao humrudia mdomoni. Mbele ya kibanda kuna benchi, na benchi lina wenyewe. Musyimi alikuwa karani wa chifu hadi alipostaafu, kwa hivyo wanamwita Kamishna. Mutisya aliendesha trekta miaka mingi, basi yeye ni Injinia. Muli ni mshika mlango kanisani na mtu wa methali, jina lake ni Pasta, ingawa hajawahi kuhubiri popote isipokuwa hapo. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wa mabati, anakaa Kivuva, dereva wa gari la mkate. Mke wake, Nthenya, ni mwalimu huko Ikutha na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kivuva ana Starlet kuukuu ambayo injini yake ilikuwa inakunywa oili kuliko petroli. Akanunua injini nyingine kutoka Nunguni, akasema ataibadilisha mwenyewe, nyumbani, ili awe anaenda kumchukua mkewe kila Ijumaa.

Jumamosi hiyo walimsikia tangu asubuhi. Redio yake ilikuwa inaimba nyimbo za injili kwa Kikamba. Cheni ya kuinulia injini ilikuwa inalia kra, kra, kra, inapumzika, inalia tena. Halafu ikapumzika kwa muda mrefu, na kukasikika kishindo kimoja kizito, kama gunia la simiti limetupwa kutoka kwa lori. Cheni haikulia tena. Redio ikaendelea.

— Hiyo ni nini? Kamishna akauliza.

— Injini imekaa, Injinia akasema. Injini ikikaa pahali pake inatoa sauti kama hiyo.

— Imekaa ama imeanguka?

— Imekaa. Kuanguka ni tofauti. Mimi nimeskia injini ikianguka.

— Sasa mbona amenyamaza?

Pasta akaweka kikombe chini.

— Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo umetangulia, kimya imefuata. Kwa hivyo hakuna shida, deni limelipwa.

Kamishna hakucheka. Alikuwa anaangalia yale mabati.

— Mtu aende amuulize kama anataka mkono, akasema.

— Si mimi, Injinia akasema. Juzi nilisimama hapo kwa geti nikamwambia cheni isifungwe kwa mabomba ya maji. Akaniambia, mzee, asante, lakini nataka nifanye polepole peke yangu. Mtu akikuambia hivyo, unarudi tena kutafuta nini?

Shee alikuwa anamimina kahawa.

Ndipo ikaja sauti nyingine. Chuma juu ya chuma. Ngo. Ngo. Ngo. Halafu ikaacha.

Wote wakanyamaza.

— Si mnaona, Injinia akasema. Anapiga maunti, kile kishikio cha injini, iingie. Ako sawa.

— Anapiga polepole sana.

— Maunti inapigwa polepole. Ukiipiga kwa hasira inapasuka.

Wakanywa. Wimbo ukaisha kwenye redio, mtangazaji akaongea, wimbo mwingine ukaanza. Ngo. Ngo. Sasa zilikuwa mbili.

Kamishna akasogea karibu na wenzake na kushusha sauti.

— Mimi nitawaambia kitu na msiseme nimesema. Hiyo injini ina namba. Kila injini ina namba. Unafikiri mtu anagonga chuma polepole hivyo, kwa kujificha, anafanya nini? Anafuta namba.

— Ati ni ya wizi? Pasta akauliza.

— Sijasema wizi. Nasema, kesho askari wakikuja, watauliza ni nani alikuwa hapo ndani. Ukienda saa hii umekuwa shahidi. Mimi nimekaa ofisi ya chifu, najua shahidi anateseka kuliko mwizi. Hii kitu ni kukaa mbali.

— Kivuva si mtu wa namna hiyo, Shee akasema.

— Nani alijua Kivuva anaweza kubomoa gari?

Injinia alikuwa amevua kofia, anaizungusha mkononi.

— Namba si kitu, akasema mwishowe. Mimi niko na jambo nimeogopa kuwaambia. Siku injini ililetwa nilisaidia kuishusha. Yule wa pikapu aliniambia ilitolewa kwa gari ilianguka kwa zile kona za kushuka Nunguni. Mwenye gari alikufa humo ndani. Walimtoa mkono ukiwa bado umeshika gia.

— Aiya, Pasta akasema.

— Na niliposhika hiyo injini, nawaapia, ilikuwa na joto. Imetoka Nunguni na baridi yake, kwa pikapu wazi, na ilikuwa na joto.

— Si jua?

— Kulikuwa na mawingu.

Ngo.

Safari hii ilikuwa moja, na ilichelewa. Pasta akajikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji shingoni.

— Hiyo si Kivuva, akasema.

— Ni nani basi?

— Mtu wa kazi anapiga chuma mfululizo. Hii inapiga, inangoja. Inapiga, inangoja. Inaita. Wazee wetu walikuwa na kithitu, unajua, kile kiapo mtu anawekewa akichukua mali ya marehemu. Familia ya huyo mtu wa Nunguni hawajalala. Wameapia hiyo chuma. Sasa mwenyewe amekuja kuichukua, na anagonga afunguliwe.

— Pasta, wewe ni mtu wa kanisa, Shee akasema.

— Ndio maana nayaogopa. Asiye wa kanisa hajui ni nini kiko nje.

Kamishna alisema kwa sauti ndogo kwamba mtu angeweza kuchungulia tu, pale ambapo mabati hayajafika chini. Kuchungulia si kuingia.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Pasta akajibu. Mimi sitaki cha mvunguni. Siinami.

Hapo simu ikaanza kuita nyuma ya mabati. Waliijua ile simu, ilikuwa na mlio wa kengele. Ikaita mpaka ikachoka. Ikaanza tena, ikachoka tena. Hakuna aliyeishika. Watu watatu kwenye benchi walikuwa wamekaa wamebanana ingawa benchi lilikuwa na nafasi.

Kisha simu ya Shee ikalia mfukoni. Akaiangalia, akawaangalia wao, akaipokea.

— Mzee Shee, habari ya huko, sauti ya Nthenya ikasema, na kwa vile simu ilikuwa ya sauti kubwa wote walisikia. Kivuva hashiki simu. Mmemuona leo?

Shee alitazama ng'ambo.

— Yupo, mwalimu. Anafanya kazi. Ana mafuta mikononi, ndiyo maana.

— Haya. Mwambie anipigie.

Shee akaifunga simu na kubaki ameishika.

— Kwa nini umemwambia hivyo? Kamishna akauliza.

— Ulitaka nimwambie nini? Nimwambie haya mnayoyasema nyinyi?

Hawakusikia yule mwanamke akifika. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibanda, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma. Alikuwa ametoka Matinyani, alikuwa anatafuta wateja wapya upande huo wa mji, na hakuna aliyemjua. Baadaye walijua anaitwa Syombua. Aliwasalimia, akamuuliza Shee kama anahitaji maziwa. Shee alikuwa bado anatazama ng'ambo. Nyuma ya mabati simu ilianza kuita tena.

— Simu ya nani hiyo inaita bila mtu? Syombua akauliza.

— Ya Kivuva, Kamishna akasema. Anatengeneza gari.

— Na yeye ako wapi?

Kamishna akafungua mdomo. Akamtazama Injinia. Injinia akaitazama kofia yake, na Pasta akatazama chini. Swali lilikuwa jepesi kabisa, na kwa muda wote waliokaa pale hakuna mmoja wao aliyekuwa ameliuliza.

Syombua aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha akavuka barabara, karibu kukimbia.

Geti lilikuwa limefungwa kwa waya tu. Walimwona akiukunjua, akiingia. Walingoja kelele. Badala yake walisikia sauti yake, imara lakini nyembamba:

— Kujeni. Kujeni nyote.

Shee ndiye aliyetangulia, kisha Kamishna, kisha Pasta, midomo ikienda kwa maombi.

Gari lilikuwa limeinamia upande mmoja. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, jeki ikateleza, na sasa ililala ubavu kwenye tope. Injini ilikuwa bado inaning'inia kwa cheni, nusu yake ndani ya gari, nusu nje, inayumba kidogo sana. Chini ya gari ilitokeza miguu ya Kivuva, mmoja hauna kiatu. Kwa pembeni ulionekana mkono, na spana ndani ya vidole.

— Amekufa, Pasta akasema.

— Hajakufa, Syombua akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, shavu chini. Anapumua, lakini kidogo. Gari imemkalia kifua. Msiguse hiyo cheni. Shikeni hapa kwa bampa.

Watatu wakashika. Gari likasogea kidogo, likarudi. Kutoka chini ikatoka sauti ambayo Shee anasema hataisahau, si kilio wala si neno.

— Nyinyi hamtoshi. Yule mwingine ako wapi?

Injinia alikuwa amebaki getini. Alikuwa anaiangalia injini inayoyumba, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua.

— Wewe wa kofia, Syombua akaita. Sijui unaogopa nini, lakini ogopa ukiwa hapa.

Akaja. Hawezi kueleza alivyofika, lakini akaja, akashika bampa katikati, bega lake karibu kabisa na ile injini. Wakainua. Syombua akasukuma jiwe chini kwa mguu, akamshika Kivuva kwapani, akamvuta. Uso wa Kivuva ulikuwa na rangi ya majivu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha akavuta pumzi iliyokwaruza kama kitambaa kinachochanwa, na nyingine, na nyingine.

Walisimamisha gari la probox lililokuwa linapita na vitunguu, wakashusha magunia barabarani, wakamlaza Kivuva nyuma. Kamishna alienda naye hospitali akiwa amemshikilia kichwa. Shee alibaki amesimama kati ya magunia ya watu, simu mkononi, na ilimchukua muda kubonyeza jina.

— Mwalimu, akasema. Nilikudanganya. Sikujua yuko vipi. Njoo nyumbani.

Mbavu zilikuwa zimevunjika, na mfupa wa bega. Daktari alimwambia Nthenya kwamba Kivuva angekaa pale chini mpaka mchana, asingeamka. Nthenya hakumlaumu mtu. Alikuja kibandani mara moja, akamshukuru Syombua, akamshukuru na Shee, na kwa wale wengine akasema tu, habari zenu.

Kivuva alirudi nyumbani, na ikapita karibu mwezi kabla ya kuvuka barabara. Alikuja asubuhi moja, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, anatembea kama mtu aliyebeba yai. Wakampisha nafasi. Shee akampa kahawa. Syombua, ambaye sasa Shee alikuwa mteja wake, alikuwa anapima maziwa.

Waliongea juu ya mvua, na mbaazi ambazo zilikuwa zimeanza kutoa maua. Kivuva akasikiliza. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

— Nilikuwa nawasikia.

Hakuna aliyeuliza lini.

— Maneno sikuyashika, redio ilikuwa juu. Lakini sauti nilisikia. Kupiga kelele nilishindwa, pumzi haikuwa. Mkono ndio ulikuwa unasonga. Nikigonga, mnanyamaza wote. Nikasema, wamesikia, wanakuja. Kidogo, mnaanza kuongea tena.

Alikunywa kidogo.

— Sijakasirika. Ni vile tu usiku nikilala hilo swali linanirudia. Mlikuwa mnafikiria ni nani anagonga?

Barabarani pikipiki ilipita, vumbi likaja mpaka kwenye vikombe. Kamishna alikuwa ameshika kiko chake bila kukiwasha. Pasta alianza, wahenga walisema, akaacha hapo, na methali haikuja. Syombua aliendelea kumimina maziwa na hakuinua macho.

Kivuva alingoja, kama mtu ambaye angefurahi kupata jibu lolote. Alipoona halipo, akaweka kikombe chini.

— Gari bado iko vile mliacha, akasema. Injini inaning'inia. Nthenya anasema niuze yote kama vyuma, na labda ako sawa. Lakini nataka kwanza niishushe. Kila siku nafika kwa mlango wa nyuma naiangalia, halafu narudi ndani. Siwezi kuingia huko peke yangu. Naogopa.

Alirekebisha kitambaa shingoni.

— Sihitaji fundi, akaongeza. Nataka mtu wa kusimama karibu. Nikiita, aitike.

Injinia alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia magotini. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na waliomjua walijua bado anaamini ile injini ilikuwa na joto.

— Kesho? akauliza.

— Kesho.

— Saa ngapi?