Risasi Iliyochanua Gazetini

Jua linapolegea, mvuke wa kahawa hupanda taratibu kwenye kona yetu, hupita mbele ya kibanda cha fundi viatu, kisha hupotea kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Benchini hukaa Fundi mwenyewe, Dobi jirani yake, na Shabaha, askari wa wanyamapori, ambaye mama wa kahawa humjazia kikombe nusu tu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Siku hiyo Shabaha alikuja na bunda la magazeti yaliyolowa, limefungwa kamba, lina tundu katikati. Kesho yake alfajiri angekwenda na askari mwenzake, binti mgeni kazini, kumpiga nyati anayevunja mashamba.

— Nimeyaloweka usiku kucha kwenye beseni, alisema Shabaha, akibandua karatasi mojamoja. Asubuhi nikayapiga kwa risasi mpya. Nataka kuona imeishia wapi.

— Imepita michezo, Dobi akahesabu. Imepita siasa.

— Siasa haina nyama, bwana, Fundi akacheka. Lazima ipite.

— Hii hapa! Imelala kwenye matangazo ya viwanja.

Shabaha akaiweka kiganjani. Ilikuwa imechanua, petali nne za shaba, kama ua lililofunguka usingizini.

— Nzuri, Fundi akasema. Lakini nyati ana ngozi, kaka. Ungetanguliza soli ya kiatu mbele ya magazeti.

— Soli ya nini? Sabuni! Dobi akadakia. Mche wa sabuni hautunzi siri. Tundu linabaki vilevile risasi ilivyopita.

— Sabuni haina damu. Panga madumu ya maji, uhesabu yaliyopasuka.

— Basi godoro lililonyeshewa. Mimi nafua, najua uzito wa vitu vilivyolowa.

— Mimi ningepiga ukungu, Fundi akasema, sauti ikishuka. Ukungu mzito wa asubuhi. Risasi ikitokea upande wa pili ikiwa kavu, hiyo ndiyo.

Kila mmoja akautazama ukungu wake.

— Nyie mnacheza, Shabaha akasema. Yule wa mwaka jana alitembea siku mbili na risasi yangu tumboni. Nilimfuata nikimsikia anavyopumua. Sitaki tena. Na huyu wa kesho akijeruhiwa tu, atamgeukia yule binti.

— Ondoa shaka, Dobi akasema. Risasi ya kufika kwenye matangazo ya viwanja haiwezi kukuangusha.

Hapo akafika shemeji yake Shabaha, muuguzi, bado amevaa sare.

— Shemeji, dada anasema uje ulale mapema. Akaitazama ile risasi. Mmeipima hii?

— Kwa magazeti, Dobi akajibu. Bado sabuni, bado godoro.

— Bado ukungu, Fundi akaongeza.

— Na mkono wake mmeupima kwa kitu gani?

Fundi akatafuta sindano ambayo alikuwa ameishika. Ndipo tukaisikia sauti tuliyoizoea hata hatuisikii tena: kikombe cha Shabaha kikigonga sahani yake, tik, tik, tik. Akakiweka benchini. Sauti ikakoma.

— Mwambie dada yako nakuja, akasema. Napitia kwanza kwa yule binti. Kesho apige yeye. Mimi nitamwonyesha nyati anapopita.

Mama wa kahawa akainua birika, akakijaza kile kikombe hadi ukingoni. Shabaha akakiinamia, akanywa bila kukiinua.