Risala ya Wakazi wa Sivi Dol Kuhusu Jicho la Pili la Stamen

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Afya, viongozi mlioongozana naye, wakazi wenzetu:

Karibu Sivi Dol. Mkate wa kukaribisha wageni umeumega, chumvi yake umeionja, na chemchemi ya mawe uliyokuja kuizindua inatoa maji. Tunashukuru. Ila pale kwenye mkate ulimtania Stamen, aliyekushikia sinia: "Vipi bwana mdogo, mbona unatazama milima? Una mchumba huko?" Tukacheka kwa adabu. Yeye akakujibu, "Nikikutazama usoni, Mheshimiwa, sikuoni." Ukacheka zaidi. Haukuwa utani.

TULIKOTOKA

Hapa kwetu wanaume hupofuka wakiwa vijana. Hakuna maumivu. Jicho moja linaingia ukungu katikati, la pili linafuata baada ya wiki au miezi. Mwaka 1974 alikuja mkubwa mmoja, akala kondoo wetu, akasimama hapa hapa na kusema: "Acheni rakia, hiyo pombe yenu kali ya matunda, mtaona." Tukamwamini! Mtambo wa kijiji wa kutengenezea rakia, ule wa shaba wa tangu mababu, tukauburuta barabarani na kuupondaponda kwa nyundo. Macho yakaendelea kufa, sasa hata ya watu wasioonja tone. Miaka mingi baadaye madaktari wakatueleza: inayokufa ni neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na kasoro hiyo hurithiwa kwa mama. Basi kutoka walevi tukawa watu wa damu mbaya. Binti zetu wakakosa wachumba vijiji vya jirani. Aliyetudanganya hakurudi kuomba radhi.

MAFANIKIO

Tuna chemchemi.

CHANGAMOTO

Stamen ni fundi wa kuezeka mapaa ya mawe. Ana miaka ishirini na sita. Jicho la kushoto lilikwenda wakati wa Pasaka. Ipo dawa, na ikiwahi huweza kuokoa kiasi cha kuona. Neva ikishakufa, haifufuki. Akaenda mbele ya bodi ya matibabu, inayoidhinisha dawa hiyo, na Nedyalka, mama yake. Mwenyekiti akamziba jicho la kulia, akaangusha kalamu makusudi. Stamen akaiona kwa pembe ya jicho la kushoto, akaiokota.

"Kumbe unaona!"

"Kalamu naiona, daktari. Wewe ndiye nakuona huna kichwa."

"Jicho la kulia ni zima. Likiharibika, rudi."

Nedyalka akauliza, "Yaani mnangoja mwanangu apofuke ndipo mumtibu?" Akaambiwa awe na adabu.

Tangu Jumapili, jicho la kulia limeanza ukungu.

OMBI

Hatuombi tume. Tume tumezilisha kondoo wa kutosha. Katika msafara wako yupo Daktari Velichkova, anayetibu neva za macho kule mji mkuu, Sofia. Asubuhi tulimvuta pembeni. Kitanda kipo, dawa ipo. Ila bila idhini ya bodi, anahitaji neno la mkubwa. Mkubwa ni wewe.

Kwaya ilipokuwa ikiimba, Stamen alipanda gari lako. Yupo kiti cha nyuma na begi lake. Dereva asilaumiwe, tulimwambia umeruhusu. Unaweza kumteremsha, Mheshimiwa. Ila utamteremsha kwa mkono wako mwenyewe, mbele yetu sote, na mlango ameushika Nedyalka.

Mungu akulinde njiani, wewe na wote mtakaokuwa ndani ya gari hilo.

Ni sisi, Wakazi wa Sivi Dol.
Imesomwa na Radka Karamfilova