Bei Tuliyoiapia na Kuivunja

Mgeni rasmi, Bwana Afisa Kilimo. Viongozi wetu wa dini. Mabibi na mabwana. Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama katika ghala hili la mbegu. Viti havikutosha, utuwie radhi.

TULIKOTOKA
Tulianza watu ishirini na mmoja, tunaowalimia wengine mashamba kwa plau na maksai. Kila mtu alitaja bei yake. Mwaka juzi tukakaa humu humu, tukapanga: shamba la tambarare bei yake, la mteremko bei yake, lililolala miaka bei yake. Tukaapa mbele za Mungu. Aliyetuongoza katika dua ni mwenzetu tuliyekuja kumwita Bei Moja.

MAFANIKIO
Kwa wiki tatu bei ilishikwa, hakuna aliyeharakisha kazi: maksai walipumzika adhuhuri, na mitaro ilikuwa na kina. Hatuna mafanikio mengine.

CHANGAMOTO
Mvua zilichelewa, kazi zikapungua. Kila mmoja wetu akapita mlango wa nyuma kushusha bei, akidhani ni yeye peke yake. Bei Moja alikataa. Mwenye shamba mmoja alimwambia mbele yetu, "Mwenzako ananilimia kwa nusu. Kwani plau lako limechovywa dhahabu?"

"Shemeji, kasimame kwenye mtaro wake. Ukikufika kifundo cha mguu, nakulimia bure."

Tulicheka. Huyo mwenzake alikuwa miongoni mwetu, naye akacheka.

Msimu ule hakupata shamba hata moja. Akauza maksai mmoja ili familia ipate chakula. Shamba lake mwenyewe lilikuwa bado halijalimwa, na maksai mmoja halivuti plau katika udongo ule. Aliona haya kutuomba. Nasi tuliona haya kumtazama. Basi mkewe akashika plau, na Bei Moja mwenyewe akaingia kwenye nira, ubavuni mwa maksai aliyebaki. Tuliwaona kutoka barabarani, tukawapita na wanyama wetu.

Siku ya nne alianguka mtaroni. Tulikwenda kumjulia hali, tumebeba sukari.

"Ng'ombe mnawapumzisha adhuhuri?" alituuliza.

Tukasema ndiyo. Tulimdanganya mgonjwa, na hakuinuka tena.

MAOMBI
Bwana Afisa, tunaomba bei zile zipigwe muhuri wa ofisi yako na zibandikwe kwenye mlango huu. Atakayeshusha, asimamishwe kazi msimu mzima. Hatuombi utukinge na wenye mashamba. Tukinge sisi kwa sisi.

Mgeni hupewa zawadi. Yetu ni nira hii. Upande mmoja umelainishwa na shingo ya ng'ombe. Upande wa pili umezungushiwa kipande cha shuka. Mkewe alikishonea hapo ili mti usimchubue mumewe bega. Yuko mstari wa mbele, na ametuagiza hivi: "Mpeni aishike kidogo, aone uzito wake. Kisha itundikeni juu ya hizo bei."

Mungu akurudishe kwako salama, ampumzishe mwenzetu, na atusamehe tuliobaki.

Ni sisi, Umoja wa Walimaji kwa Maksai,
watu ishirini.