Mwashi Aliyejenga Stoo ya Majembe ya Hospitali ya Kishimbo

Ndugu Athanas Kileo, mwashi wa Hospitali ya Kishimbo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kututumikia miaka thelathini na mitano kasoro mwezi mmoja. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1990 kama kibarua wa miezi sita, ajenge chumba cha upasuaji. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Salvina Mosha, muuguzi wa wodi ya wazazi, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu. Nadhani wamesahau mdomo wangu ulivyo.

Kwa wageni wetu, historia kidogo. Hospitali hii ilianza kama zahanati ya vyumba viwili, huku juu ambako migomba na kahawa vinaishia na msitu unaanzia. Baadaye ikawa kituo cha afya, kwa kuongezewa choo. Mwaka 1989 ikapandishwa hadhi kuwa hospitali, kwa kubadilishiwa bango. Mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida tuliendelea kumteremsha Moshi mjini, saa nzima wakati wa kiangazi. Wakati wa masika muda aliujua Mungu peke yake. Ndiyo maana Athanas akaitwa.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka ule ule wa 1990. Mgeni rasmi alisema ujenzi unaanza mara moja, watu wakapiga makofi na kula ndafu. Fedha hazikuja. Mwaka 1998 akapatikana mgeni rasmi mwingine, ambaye hakupenda kupigwa picha mbele ya jiwe lenye jina la mwenzake, kwa hiyo likawekwa la pili. La tatu ni la 2005, la nne la 2011. Yote manne aliyajengea Athanas, na hakuna hata moja lililopata ufa. Mbuzi wanne walikufa kwa ajili ya chumba cha upasuaji kabla mgonjwa yeyote hajakiona.

Katikati ya mawe hayo hakukaa bure. Aliziba mabomba, alipaka chokaa, alijenga jukwaa la mgeni rasmi na kulibomoa. Kibarua chake kiliongezwa miezi sita mara ishirini, ndipo barua ya ajira ya kudumu ikafika. Si msemaji. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba, na maongezi yameishia hapo.

Naomba niache utani kidogo. Aprili 1998, Athanas akiwa analipaka rangi jiwe la pili kwa ajili ya sherehe ya kesho yake, mkewe Avelina alishikwa na uchungu wa mtoto wao wa tatu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mwezi wangu wa pili hapa, na ndiye niliyepanda naye gari. Tulikwama kwenye matope kabla ya kuikuta lami. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Sherehe ilifanyika kama ilivyopangwa, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameshathibitisha. Tangu siku hiyo Avelina hakukanyaga tena hospitali hii. Akiumwa alishuka mjini, au alikaa na maumivu yake nyumbani. Athanas alirudi kazini siku ya nne. Kwa muda mrefu niliona aibu kumtazama usoni.

Mwaka 2012 aliomba ruhusa ya kujenga stoo ya majembe nyuma ya wodi yetu. Kamati ya hospitali ikakubali, maana nani anakataa stoo ya majembe. Mawe aliyatoa mtoni, saruji ilikuwa ile inayobaki kwenye kila ukarabati, na mabati alipewa na padri kanisa lilipoezekwa upya. Alijenga jioni na Jumamosi, mistari miwili mitatu ya mawe, kwa miaka kumi na moja. Siku moja aliingia wodini na futi, akapima kitanda urefu na upana huku mgonjwa akiwa bado amelala juu yake. Mama wa watu, wa kutoka Marangu, akaanza kulia akidhani anapimiwa jeneza. Nikamtimua Athanas. Kisha nikatoka nje, nikautazama ule mlango wa stoo ulivyo mpana, nikaelewa, nikanyamaza miaka yote hiyo. Kwa mtu kama mimi, huo nao ni utumishi uliotukuka.

Mwaka 2023 alikuja mkaguzi wa majengo. Aliuliza kwa nini stoo ya majembe ina sakafu yenye mteremko wa kutoa maji, na mabomba matatu ya kunawia mikono. Katibu wa kamati alijibu, bila kucheka, kwamba udongo wa huku unanata sana. Athanas akaandikiwa barua ya onyo kwa kujenga kinyume cha kibali, na wiki hiyo hiyo akapewa cheti cha pongezi kwa ubunifu. Sahihi ni ya mtu mmoja. Mkaguzi alitaka dari iinuliwe na ukuta mmoja ujengwe upya. Athanas akabomoa, akajenga. Kitanda cha upasuaji na taa yake tulikuwa navyo tangu 2006, ndani ya makasha ambayo kamati iliyatumia kama meza ya vikao. Mashine ya usingizi na daktari vikatafutwa. Sasa kamati inatafuta mgeni rasmi wa kuja kufungua, na jiwe limeshaagizwa.

Aika hakumsubiri mgeni rasmi. Huyu ni binti wa kijijini hapa aliyeolewa Masama, na mwezi Machi mwaka huu alikuja kujifungulia kwa mama yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mvua ilikuwa inanyesha ile yenyewe, tukamwingiza stoo. Athanas alisimama barazani ameshika mwiko ambao hakuwa na kazi nao. Nilipotoka kumwambia kwamba Aika na mtoto wake wa kike ni wazima, aliniuliza kama kitanda kilipita mlangoni bila kugusa. Nikamwambia kilipita. Akakaa kwenye ngazi, akalia. Nami nililia, tusidanganyane.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Avelina alikuja. Nilimfungulia kile chumba. Alizunguka taratibu akiupapasa ukuta kwa kiganja, kona hadi kona, kisha akamwambia mumewe kwa Kichagga kwamba mtoto wao angezaliwa hapa. Athanas akaitikia kwa kichwa, wakatoka pamoja.

Asante sana, Athanas, Baba Martin wetu, kwa kazi uliyotumwa na ile ambayo hukutumwa. Nenda kapumzike na mkeo. Tunawaombea afya na miaka mingi, na siku mmoja wenu akiumwa, msishuke mjini.