Daktari Ndunge na Swali la Pili

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Daktari Ndunge Musyoka anatukabidhi funguo za chumba chake cha kutibia, namba nne. Kamati ya kumuaga iliniomba mimi, karani wa faili, niandike kitu cha kuchangamsha. Jamani, nimejaribu, lakini furaha yenyewe sina.

Alikuja hospitali yetu hii ya kando ya barabara ya Mombasa mwaka 1993, akisema atakaa miaka miwili tu. Mwandiko wake ulikuwa balaa; nilikuwa nausoma kwa kubahatisha. Faili moja tu ilisomeka vizuri, na ndiyo iliyombadilisha.

Mwaka 2014 alikuja Mutie wa Kambu, askari aliyekuwa ametoka vitani Somalia, akilalamika kichwa kinamuuma. Daktari akamuuliza hali. Mutie akajibu "nimuseo", yaani mimi mzima, jinsi sisi Wakamba tunavyojibu hata tukiwa tunaumia. Daktari akaandika "Hana shida", akampa dawa ya maumivu. Wiki tatu baadaye Mutie alijitoa uhai. Faili ile haikurudi kwangu tena, na sikuthubutu kuiulizia.

Kuanzia hapo Daktari aliwasumbua wakubwa wa kaunti mpaka wakachoka naye, wakakubali madaktari wanaoanza kazi waletwe huku mashambani kujifunza kuwatibu askari wastaafu. Kumi na tisa wamepita mikononi mwake. Kila Alhamisi benchi la wagonjwa hujaa askari hao, wengine wakitoka mbali kama Mtito Andei. Sheria yake ni moja: mtu akisema nimuseo, usiandike, kaa chini, muulize tena, analalaje? Wanafunzi wakambandika jina Swali la Pili. Alijua, akajifanya hajui.

Sasa anaondoka na hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi yake. Aliogopa, tena waziwazi, kwamba mafunzo yatakufa na Mutie mwingine atapita mlangoni.

Alhamisi iliyopita Daktari Filsan, mwanafunzi wake wa mwisho, aliyefika kutoka Garissa bila neno hata moja la Kikamba, alimuuliza Daktari Ndunge hali. Akajibu nimuseo. Filsan akavuta kiti, akamuuliza tena, analalaje? Daktari wetu akaketi pale wanapoketi wagonjwa, akalia sana. Kisha akafungua mkoba, akamkabidhi faili ya Mutie.

Asante, Daktari. Nenda Kasikeu ukapumzike, Mungu akupe usingizi mwema. Tukija kukusalimia, ujue tutauliza mara mbili.