Maji Yaliyofika Mbarara Yangali Baridi

Ndugu zangu, mchungaji amenipa dakika chache, na nyinyi mnaujua mdomo wangu, basi nivumilieni. Nataka kumshukuru Mungu mbele yenu, na kumsifu mtu mmoja ambaye sitamtaja. Ameshaanza kuinama pale alipokaa. Mwacheni.

Mnakumbuka nilipopata nafasi ya shahada ya pili kule Mbarara, kusomea maziwa na mito, viumbe vyake na namna ya kuvitunza. Mlinipigia makofi hapa hapa. Halafu mlipotoka nje mkaanza: "Maji banaisomaka? Maji banaichotaka!" Nilicheka na nyinyi; kweli, maji huchotwa, nani huyasoma? Sikujua maji hayo yatanitoa jasho.

Kazi yangu ilikuwa ziwa letu hili. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba yetu unateremka mpaka kwenye ile ghuba ndogo ambako samaki wetu, ngege, wanazalia, na mafunjo yaliyokuwa yakiuzuia tumeyafyeka. Nilitakiwa kuchota maji ya ghuba msimu mzima wa mvua na kuyafikisha maabara, Mbarara, yakiwa baridi. Baridi, ndugu zangu! Ndani ya maji kuna vidudu visivyoonekana. Joto likivipata njiani vinaendelea kula na kuzaana, na maji yanayofika si yale uliyochota. Barafu niliyobeba kutoka Mbarara iliyeyuka kabla sijaona ziwa. Nikachota hivyo hivyo, nikasema Mungu atasaidia. Maabara wakapima joto la chupa zangu, wakazimwaga. Nikarudia, wakamwaga tena. Msimu ukaisha sina hata tone la kuandikia.

Mwalimu aliyenisimamia hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Aliniambia tu kwamba mvua ijayo nayo ikipita bila majibu, masomo yangu yatasimama. Nikafunga chumba changu cha Kakoba, kule mjini Mbarara, nikarudi hapa Nakivale, nikamwambia mama yangu ni likizo. Likizo gani! Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Hata kanisani niliona haya kuja.

Basi siku moja mama mmoja wa kwaya, muuza samaki, akanikuta mahali pa kuchotea maji.

"Weye, juu ya nini unakaa sawa mutu amefiwa?"

Nikamweleza yote, nikitegemea ataniombea. Akacheka!

"Barafu? Ni ile tu? Mimi gari ya samaki inaniletea barafu kila wiki. Utabeba."

"Mama, na samaki yako?"

"Nitaikausha ku moto. Samaki ya kukauka banakulaka. Maji yako ya kuoza, nani ataikula?"

Nawaambia ninyi mnaouza, mnajua samaki mbichi na samaki wa moshi bei yake si moja. Msimu mzima wa mvua uliofuata, kila siku yangu ya kuchota, mama huyu alisimama kwenye moshi, macho mekundu, ili chupa zangu zilale kwenye barafu yake. Mara ya kwanza nilipozifikisha, fundi wa maabara aliingiza kipimajoto, akanitazama, akasema, "Hizi zipite." Nilipiga magoti nje ya mlango ule, wanafunzi wakinishangaa.

Lakini majibu yalipotoka yalinitia hofu mpya. Samaki wachanga walikuwa wanakosa hewa ndani ya tope. Ghuba ilitaka kupumzishwa: nyavu zitoke, mafunjo yarudi. Na ghuba ile ndiyo iliyokuwa inamlisha mama huyu; samaki wake walitoka pale. Nilitamani kumficha, nikidhani ukweli huo utamshinda, lakini mwishowe nikaenda kumwambia kabla ya mtu yeyote. Akageuza samaki wake kwenye moto.

"Ni vile maji inasema?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika vile. Usipunguze kitu sababu yangu."

Wavuvi walipoitwa mkutanoni nikasoma majibu, watu wakanung'unika. Yeye akasimama wa kwanza: "Samaki ya pale sitainunua tena." Wakatazamana, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwanunulia. Nyavu zilitoka. Si zote siku moja, lakini zilitoka.

Leo nimemaliza, joho nimevaa. Namshukuru mwalimu wangu aliyenisubiri, na kijana wa boda aliyebeba chupa zangu polepole kuliko anavyobeba abiria. Namshukuru mama yangu, ambaye alijua vizuri sana kwamba ile haikuwa likizo.

Vijana mnaosoma, neno langu kwenu ni hili: mtu akikusaidia, usimfiche ukweli kwa kuogopa utamuumiza. Mimi nilimdharau mama huyu nilipodhani hataweza kuubeba. Mungu anisamehe, aliubeba kuliko mimi.

Na sisi wote, ghuba bado imepumzika. Mama huyu sasa anafuata samaki ufukwe wa mbali, kwa miguu, beseni kichwani. Msimpigie makofi leo. Kesho mkikutana naye njiani, mpokeeni beseni.